Unasema Namna Gani

Mizani ya Mama Mkubwa ingali imening'inia kwenye boriti ya chuma nyuma ya jiko, pale pale alipoitundika mwenyewe mwaka ule niliokaa kwake Likasi. Ndoano imeshika kutu, kioo kimepasuka, na mshale, ambao zamani ulirudi kwenye sifuri bila kusita, siku hizi husimama kidogo upande wa kulia, kana kwamba kuna kitu chepesi kinachoning'inia hapo daima. Tulikuwa tumemzika juzi yake. Watu wa kilio walikuwa wamepungua, viti vya plastiki vya kukodi vimepandanishwa ukutani, na wanawake wa ukoo walikuwa wakigawana vyombo kwa sauti za chini: sufuria hii kwa huyu, vitenge vile kwa yule. Zamu ya mizani ilipofika, kila mmoja alitazama pembeni. "Weye njo ulisoma mambo ya bei, Bernadette," binamu yangu Chantal aliniambia. "Beba, utaonyesha banafunzi bako kule Lubumbashi." Walicheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa ni kweli kwamba nimetumia sehemu kubwa ya umri wangu kufundisha namna masoko yanavyopanga bei, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba tangu nifike sikuwa nimethubutu kuitazama mizani ile sawasawa.

Nilikuja Likasi nikiwa na shahada mbichi ya uchumi na kazi ya muda ya kufundisha katika shule moja ya mjini, huku nikingoja kitu kikubwa zaidi ambacho vijana wenye shahada huamini kinawangoja. Mama Mkubwa Odile, dada yake mama, alinipa chumba cha nyuma. Kuta zake zilipakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi kimo cha bega, na kuanzia hapo juu chokaa. Kitanda cha springi kililalamika kila nilipogeuka. Na dirisha lake moja lilifunguka uani, kwenye meza za mkahawa wake wa michopo. Kwa wasomaji wa mbali niseme tu kwamba michopo ni nyama ya mbuzi ya kuchoma juu ya makaa, inayokatwakatwa na kuletwa na vitunguu, pilipili na bukari, ule ugali wetu mgumu unaofinyangwa mezani. Mashuka yangu yalinuka moshi na vitunguu mwaka mzima. Asubuhi niliamshwa na kengele za baiskeli za wafanyakazi wakishuka kiwandani, adhuhuri nilirudi nikisahihisha madaftari kando ya dirisha, na maneno yote ya uani yalinifikia kabla sijayaomba. Nimeishi katika nyumba bora kuliko ile. Sijapata tena chumba ambamo nilijua, kwa sauti peke yake, ni nani ameketi wapi.

Mbuzi walinunuliwa sokoni, kwenye uwanja wa vumbi jekundu ambako malori ya kutoka upande wa Kamina yaliwashusha wakiwa wamekonda kwa safari na wamekasirika. Siku za Jumamosi nilimsindikiza Mama Mkubwa. Wakati huo hapakuwa na bei ya mbuzi iliyosemwa mbele ya watu wote. Kulikuwa na bei ya mbuzi huyu, kwa mnunuzi huyu, saa hii. Mnunuzi aliweka kiganja kiunoni mwa mnyama na kubonyeza kutafuta mafuta kando ya uti wa mgongo, alifunua midomo kutazama meno, alinusa kichwa kujua kama dume limehasiwa mapema au limechelewa na kubaki na harufu ya beberu, ile ambayo hakuna pilipili inayoifunika. Kisha aliuliza swali ambalo kila mazungumzo ya soko lile yalianza nalo: "Unasema namna gani?" Muuzaji hakujibu kwa bei. Ingekuwa ukosefu wa adabu kuanza na bei. Alijibu kwa habari: mbuzi huyu alizaliwa wapi, alilelewa na mwanamke gani mwenye mkono mzuri, alikula majani gani. Mama Mkubwa alisikiliza akiwa ameshika kiuno cha mnyama, kama daktari anayemwacha mgonjwa aongee huku akimpima.

"Na alikulia wapi? Haiko kule Shinkolobwe?"

"Mama! Minye nikuletee mbuzi ya Shinkolobwe?"

"Sijue. Courant ikikatika tutaona kama nyama inawaka mu sufuria."

Wote walicheka, kwa kuwa mzaha ule juu ya mgodi wa urani na umeme kukatika ulikuwa wa kila wiki, lakini hakuna aliyeucheka hadi kusahau kuuliza. Mbuzi anaweza kushikwa, kunuswa na kufunuliwa mdomo, na bado lile ambalo mla nyama analipia, yaani ulaini wake, utamu wake na usalama wake, likabaki ndani mpaka kisu kipite. Muuzaji anajua zaidi, mnunuzi anajua kidogo, na bei inapaswa kuzaliwa kati yao. Nimewaeleza wanafunzi jambo hili kwa michoro ubaoni miaka mingi. Kila mara ninapochora ule mstari, nasikia mtu akicheka uani.

Kwa michopo ya Likasi, au angalau katika mitaa yetu, dawa ya ujinga huo wa mnunuzi ilikuwa sahani. Siku ambayo mbuzi wako alichinjwa, ulitakiwa kuja kumla. Sahani ya kwanza kutoka motoni haikuwa ya mteja wala ya mwenye mkahawa. Ilikuwa ya aliyemuuza, na aliila pale pale, mchana, wateja wakimtazama. Kama nyama ilikuwa nzuri, Mama Mkubwa alimwongezea matabishi, kile kiongezeo cha heri ambacho kwetu hufunga biashara iliyokwenda vema. Kama ilikuwa mbaya, muuzaji ndiye aliyetoa matabishi, na adhabu yake ya kwanza ilikuwa kuimaliza. Papa Fidèle, mzee mstaafu wa kiwandani aliyekula kwetu kila siku na kulipa alipokumbuka, alikuwa amejipa cheo cha kusimamia. Alipiga meza kwa kijiko na kutangaza, "Mwenye mbuzi atafune!" Namkumbuka muuzaji mmoja aliyeleta beberu akidai kwamba limehasiwa. Harufu ilifika mpaka chumbani kwangu. Alitafuna akitokwa na jasho, akisifia, akiomba maji, na Papa Fidèle akimtia moyo: "Kula, muzee, kula, iko inanukia muzuri sana, sawa bwana harusi ile haioge." Yule hakuleta tena mbuzi mbaya kwetu. Nadhani hakuleta tena mbuzi kabisa.

Donatien alikula tofauti. Alikuwa kijana mrefu wa familia iliyotoka Kasai, baba yake aliletwa na kazi za mgodi, na yeye, badala ya kufuata mgodi, alifuata mbuzi. Alinawa mikono kwa muda mrefu, mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayekwenda kumpokea mtoto mchanga. Alichukua ubavu, akang'ata, akafumba macho, na uani pote palinyamaza, si kwa hofu ya nyama, kwa sababu mbuzi wake walikuwa wazuri na kila mtu alilijua hilo. Palinyamaza kwa raha ya kumtazama mtu akisubiri hukumu ya kazi yake mwenyewe. Meza aliyopewa ilikuwa ile iliyo chini ya dirisha langu. Hapo mwanzo ilitokea tu, meza nyingine zikiwa zimejaa. Baadaye aliiendea hata zote zilipokuwa tupu.

"Mademoiselle," alisema siku moja bila kugeuka, akijua kalamu yangu nyekundu imesimama, "mu bitabu byenu banasema nini juu ya mbavu?"

"Banasema usizungumze ukiwa umejaza kinywa."

"Basi bitabu byenu havijakula kwa Mama Odile."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na kwa miezi mingi hatukuvuka hapo. Aliniuliza shule ilikuwaje, nikamwambia. Nikamuuliza barabara ya Kamina ilikuwaje, akanieleza daraja lililokatika, na mvua iliyowafanya walale chini ya lori pamoja na wanyama, mbuzi mmoja akimpumulia shingoni. Wavu wa mbu wa dirisha ulikuwa kati yetu, na mimi niliketi juu kidogo kuliko yeye, hata nywele zake zilizokuwa na vumbi jekundu nilizijua kuliko uso wake. Katika nyumba kama ile kijana hakusema maneno yake kwa binti kabla hajayasema kwa mama wa binti, na Mama Mkubwa ndiye aliyekuwa mama yangu pale. Tulilijua hilo sote wawili, kwa hiyo tukaongea juu ya mbuzi. Papa Fidèle ndiye aliyesema wazi, na kwa sauti. "Mama Odile! Huyu kijana anauzisha mbuzi juu ya kukuya kula, ao anakuya kula juu ya kuangalia dirisha?" Mama Mkubwa alimjibu kutoka kwenye makaa kwamba dirisha halilipishwi. Donatien aliinamia sahani. Nami nikasahihisha insha ile ile kwa mara ya pili.

Mara moja tu alikaribia. Alikuwa amemaliza kula, anafuta vidole kimoja kimoja, na uani pametulia. "Siku moja," alisema, "ntamuletea Mama mbuzi moja ya muzuri sana. Haiko ya michopo. Ya muzuri tu." Nilidhani ni maneno ya mfanyabiashara anayetayarisha bei ya kesho. Nikamwambia mbuzi wote wa wafanyabiashara ni wazuri mpaka wafike motoni, akacheka, akaondoka.

Mizani ilifika kiangazi, makungugu ya asubuhi yalipoanza kuisha. Watu wa ofisi ya soko walisimamisha nguzo mbili na kuning'iniza mashine yenye uso wa duara, na ikatangazwa kwamba tangu hapo mbuzi hai atauzwa kwa kilo, bei moja kwa wote. Siku hizi, ninaposimulia habari hii kwa wenzangu, wanatarajia niseme kwamba mama wa kale wa soko alipinga. Mama Mkubwa alikuwa wa kwanza kuunga mkono. Mchana ule ule Papa Fidèle alipoanza kuomboleza mbele ya sahani yake kwamba chuma hakiwezi kujua nyama, alimgeukia akiwa bado na kisu mkononi.

"Papa Fidèle, unisikilize vizuri. Bwana yangu wakati alikuwa muzima, mbuzi ilikuwa na bei. Bwana akafa. Jumamosi ya nyuma ya kilio nikaenda mu soko na nguo nyeusi, mbuzi ile ile, muntu ule ule, bei ikapanda. Namuuliza, mbona? Ananiambia, Mama, njo soko. Haiko soko! Njo minye. Banaangalia nani anasimama nyuma yangu, banakuta hakuna muntu. Ile mashini haiangalie nyuma yangu."

Papa Fidèle alitazama bukari yake. "Lakini haitakula sahani," alisema kwa upole.

"Isikule. Itabakiza nyama."

Alisema kweli, na sijawahi kupata hoja dhidi yake. Kipimo kinachojulikana kwa wote ni ngao ya asiye na mtu wa kumsemea. Nimeandika hivyo katika kazi zangu, na kila nilipoandika nilimwona yeye, kisu mkononi, kitambaa cheusi kichwani. Aliiamini mizani kiasi kwamba, kwa kuwa hakuwaamini watu wa ofisi ya soko, alinunua ya kwake, ndogo, yenye ndoano na mkanda wa turubai, akaitundika nyuma ya jiko. Sasa wauzaji walikuja na mbuzi wao mpaka nyumbani. Mkanda ulipitishwa chini ya tumbo, mnyama akanyanyuliwa, miguu ikachapa hewani kidogo, mshale ukatulia, Mama Mkubwa akahesabu kwenye mashine yake ndogo ya hesabu, akalipa, kamba ikafunguliwa. Yote hayo hayakufika hata muda wa kuchemsha chai. Kwa mara ya kwanza tangu awe mjane, sokoni na nyumbani alilipa sawa na mwanamume yeyote, na jioni alikaa kwenye kigoda akiwa amenyoosha miguu, akaimba nyimbo za kanisani ambazo sikujua anazijua.

Hakuna aliyefuta sahani ya kwanza. Hapakuwa na mkutano wala tangazo. Ila mtu aliyekwisha kulipwa kwa kilo hakuwa na sababu ya kurudi kutafuna, kwa kuwa hakuna aliyemwamini wala aliyemshuku. Alikuwa ameuza uzito, na uzito ulikuwa umeonekana. Kwa wiki chache Papa Fidèle aliendelea kupiga meza kwa kijiko, kisha akaacha. Wauzaji, wakijua sasa ni kitu gani kinacholipiwa, walijifunza kukileta: waliwalambisha mbuzi chumvi njiani na kuwanywesha maji hadi matumbo yakalia kama madumu. Mama Mkubwa naye akajifunza kuwafunga kivulini mpaka wakojoe ndipo awapime. Hivyo kila upande ulitumia akili yake kwenye mshale, na mazungumzo ya nani alimlea mbuzi na kwa majani gani yakakosa kazi. Hata lile swali likakosa kazi. Nilikuwa nimelisikia karibu kila siku, "Unasema namna gani?", nikiwa nimelizoea kama sauti ya maji bombani, na sikuweza kusema ni siku gani lilikauka.

Donatien aliendelea kuja, ila sasa alikuja kama wengine. Alisimama, kamba za wanyama wengine zikiwa zimezunguka kiganja chake, kwa kuwa alikuwa na nyumba nyingine za kupitia. Nilisikia kupitia ukutani sauti yake ikisema "Bonjour, Mama," kisha ndoano, kisha kimya cha mshale, kisha "Asante, Mama," kisha malango. Kwenye meza ya chini ya dirisha walikaa vijana wa kampuni za malori walioongea juu ya mpira. Ningeweza kutoka nje. Mlango wa chumba changu ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye boriti ile, na hakuna aliyenikataza. Lakini ningetoka kwa sababu gani? Zamani tulipewa sababu, na sababu ile ilikuwa pana kiasi cha kutuficha sote wawili. Bila yake, kila hatua ingekuwa tamko. Nilikaa na kalamu yangu. Nilijiambia kwamba kama anataka kuja atakuja, na nadhani naye, huko nje, alijiambia vivyo hivyo juu yangu.

Alasiri moja, mvua za kwanza zikinukia bila kunyesha, nilirudi kutoka shule nikakuta mbuzi jike amefungwa chini ya mizani. Alikuwa mdogo, mweupe, mwenye masikio ya rangi ya kahawia, na alikuwa ameogeshwa, alinuka sabuni. Kamba yake ilikuwa mpya, ya nailoni, ya bluu, haijawahi kuburutwa vumbini.

"Donatien njo ameleta," Mama Mkubwa alisema akichambua sombe, yale majani ya mihogo. "Kichwa yake leo sijue iko wapi. Anajua shiye hatuchinje jike."

"Alisema nini?"

"Aseme nini? Nilimupima, nikamulipa. Mbuzi nyepesi, lakini nzuri. Alikuwa na shati nyeupe, labda alikuwa anaenda ku misa."

"Leo haiko siku ya misa, Mama Mukubwa."

"Basi ku ndoa ya batu." Aliinua jani, akalitupa. "Alisimama-simama pale kidogo. Akaomba maji. Akakunywa, akaenda."

Hakurudi wiki ile, wala ile iliyofuata. Muuzaji mwingine alituambia kwamba amehamia upande wa Kolwezi, ambako wachimbaji walikuwa wengi na nyama haikutosha. Mama Mkubwa hakumchinja yule jike. Alisema atamwacha azae. Akawa analala chini ya dirisha langu, mahali ilipokuwa ile meza siku ambazo hapakuwa na wateja wengi, na nilimlisha maganda ya mihogo kwa mkono kupitia upenyo wa wavu uliochanika. Alikuwa na pumzi ya joto na subira isiyo ya mbuzi. Mwaka ulipoisha nikapata nafasi ya kazi chuoni Lubumbashi, na Mama Mkubwa, ambaye hakutaka niende nimebeba vitu kwenye mfuko wa plastiki kama mkimbizi, alimnyanyua yule jike kwenye mkanda, akampima mbele ya mnunuzi, akauza. Kwa pesa zile alininunulia sanduku la kahawia lenye kufuli mbili. Nililipeleka kwenye ndoa yangu, kwenye nyumba za kupanga, hospitalini nilipokwenda kujifungua watoto wangu. Hata juzi, nilipoitwa kilioni, ndilo nililolishusha kutoka juu ya kabati.

Mzee mmoja alikuja siku ya mwisho ya kilio, baada ya chakula cha mchana, akivuta mbuzi. Sikumtambua kwa uso, ambao sikuwahi kuujua vya kutosha. Nilimtambua aliponawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni, mpaka kwenye viwiko. Kichwa chake kilikuwa cheupe, na koti lake la msibani lilikuwa la mtu aliyenenepa kidogo baada ya kulinunua. "Pole sana, Mama Profesa," alisema, na nikasema, "Asante, Papa Donatien, karibu," na tukapeana mikono kama watu wazima wanavyopeana, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia. Nilimletea kiti. Alinieleza habari ya mke wake, mgonjwa wa miguu asiyeweza kusafiri, na ya binti yake anayesomea uuguzi. Nami nikamweleza ya kwangu. Mbuzi aliketi kati yetu. Kisha macho yake yakapanda ukutani, akacheka kwa pua.

"Hii mashini ingali muzima?"

"Inasema uongo kidogo. Haifike tena ku sifuri."

"Zamani ilikuwa inasema kweli tu." Aliendelea kama mtu anayesimulia kichekesho kilichompata mwingine. "Unakumbuka nilileta mbuzi jike hapa?"

"Yenye kamba ya bluu."

Alinigeukia. "Unakumbuka kamba?"

"Ilikuwa inalala ku dirisha yangu."

"Aa." Alifuta magoti ya suruali yake, ambayo hayakuwa na kitu. "Ile ilikuwa ya Mama. Kwetu, baba yangu alinifundisha vile, ukiona mutoto mwanamuke wa muntu, unaanza na mbuzi jike ya mama yake. Nyuma njo bazee banafwata. Nilivaa shati. Maneno yangu niliyatayarisha tangu ku nyumba, njia yote niko naongea peke yangu, batu ba taxi-bus banasema huyu ni wazimu. Nikafika. Nikangoja Mama aniulize vile alikuwa anauliza siku zote. Angeniuliza, unasema namna gani, na minye pale njo ningesema."

"Na hakuuliza."

"Aliishakamata mukanda. Akatundika. Akahesabu. Akanitilia falanga mu mukono, bakliya benu ku meza banaangalia." Alicheka tena, lakini si sana. "Ningefanya nini? Ningemurudishia mama ya muntu falanga yake mbele ya batu, nimwambie, Mama, haukuelewa? Nikaomba maji."

Uani, mtu alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga. Sikuweza kumkasirikia Mama Mkubwa, wala siwezi leo. Alikuwa ametafuta kwa miaka mingi bei isiyohitaji maneno, kwa kuwa maneno yalikuwa yamemwumiza, na siku ile alikuwa anaitumia kwa haki kabisa: alimpa kijana thamani kamili ya alichokileta, kwa kadiri mashine ilivyoweza kuiona. Sisi wachumi tunasema kwamba kupima kuna gharama, na kwamba watu huacha njia ya ghali wakipata ya rahisi. Ni sahihi. Swali lile la sokoni lilikuwa ghali. Lilikula mchana, lilifungua mlango kwa waongo, lilimnyanyasa mjane. Lakini ndani yake kulikuwa na nafasi, upana wa pumzi moja, ambamo mtu aliyeleta mbuzi angeweza kusema jambo lingine. Hakuna aliyeiweka pale kwa makusudi, na kwa hiyo hakuna aliyeona ilipoondoka. Nilifikiri juu ya sanduku langu lililo chini ya kitanda cha springi, na kufuli zake mbili. Habari hiyo sikumwambia.

Chantal alitoka jikoni akipangusa mikono, akamwona mnyama, akafanya kile ambacho kila mtu wa nyumba ile hufanya bila kufikiri. Alishusha mkanda wa turubai kutoka kwenye ndoano. "Tumupime, Ya Berna? Ao ni ya kilio?"

"Ngoja," nilisema.

Nikainuka. Niliinama juu ya mbuzi kama nilivyomwona Mama Mkubwa akifanya Jumamosi zote zile, nikaweka kiganja changu kiunoni mwake na kubonyeza kando ya uti wa mgongo, ingawa sijui kusoma mafuta na sijawahi kujua. Alikuwa jike. Alikuwa na joto. Nilipandisha macho kwa yule mzee kwenye kiti cha plastiki.

"Unasema namna gani, Papa Donatien?"

Chantal, mkanda mkononi, alitutazama sote wawili. Kisha Donatien akasimama, polepole, kwa sababu ya magoti, akafunga kifungo cha koti ambacho hakikutaka tena kufika upande wa pili, akafunga hivyo hivyo, na akasafisha koo kama mtu aliyetayarisha maneno tangu nyumbani.

"Hii haiko ya kuuzisha, Mama," alisema.

Nikapokea kamba kwa mikono miwili.